Krosheti Yenye Nilifunga na Mupira ya Kinga

Kolwezi, ku Dilala

Yaya Ngoie,

Jambo yako, na ya bote mu nyumba. Mugongo inasema nini sasa? Ile majani ya kupakala iko, ao iliisha? Batoto banakula bukari? Mi niko muzima. Jino moja ilitoka, nitakuambia namna gani.

Nasikia Tata Kalenga, mushofere wa lori, alifika kule Kabongo akasema mi nauzisha batu ku mayi, ati bakufwe. Ule tata anaona kitu ku dirisha, anajiongezea. Njo maana naandika.

Huku kuko shimo ya zamani ya shaba yenye ilijala mayi. Chini kuko njia zenye batu balichimba, yote iko ndani ya mayi. Bakubwa ba kampuni banataka kujua kama ile njia ingali inasimama, kabla ya kuleta pompi ya kuvuta mayi. Balileta muzungu, jina Bruno. Kazi yake ni kuogelea mu mashimo ya giza. Eko na bibi, eko na batoto, na anaingia tu. Alijifunza Swahili ku Kalemie, anaisema mbiombio.

Mi namubebea machupa. Ni ya chuma, ndani kuko hewa ya kupumua. Haitie ku mugongo. Anatundika moja ku mbavu huku, ingine ku mbavu huku, sawa mama mwenye kutoka ku soko na bitunga bibili. Sababu njia ni nyembamba. Akifika fasi yenye tumbo inakatala kupita, anafungua chupa, anaisukuma mbele, na yeye anafuata nyuma.

Chupa inashikwa na krosheti, kulabu ya chuma yenye kufunguka na kufungwa. Bruno eko nayo sanduku muzima: ndogo, kubwa, ya manjano, ya kungaa. Siku nzima anachagua. Anafungua, anafunga, anaiweka ku sikio, anasikiliza. Mama Odette, mwenye kutupikia, akasema hata bwana yake hakumuchagua vile.

Akachagua ndogo ya kungaa. Unasukuma kidogo na kidole, imefunguka. Yaya, mi sikuipenda. We unajua nilichimba Kasulo. Kule mufuko ya mawe inapanda na kamba, na chini kuko mutu. Kitu yenye kufunguka bepesi inamuangukia. Njo maana sisi bachimbaji tunakata mupira ya kinga, njo ya gurudumu ya baiskeli, sawa mukanda, tunazungusha, tunavuta na meno. Haifunguke mupaka kisu. Na tangu bibi yangu Marie alikufwa, mi sipendi tena kuona mutu anaenda fasi yenye sijue kama atarudia.

Siku ya kujaribu, Bruno akasimama mu mayi ya kiuno. Mi njo mwenye kumutundikia machupa. Nguo yake ni nene, hasikie kitu, na chini ya kwapa hawezi kuona. Nikatoa mupira mu mufuko ya suruali. Nikazungusha krosheti yote. Nikavuta na meno pale pale mu kwapa ya muzungu. Jino njo ilibakia pale.

Akauliza nafanya nini. Nikasema naangalia.

Balikuwa balitia pipa mu mayi, yenye kutolewa matako zote mbili, ya mbele na ya nyuma, apite ndani sawa mu njia. Kichwa ikapita, mabega ikapita, machupa ikakatala. Akatafuta krosheti na mikono. Hapana. Akapiga miguu sawa chula. Pipa ikaanza kutembea yenyewe chini ya mayi, na mutu ndani. Batu benye balisimama juu ku ukuta ya shimo bakapiga makofi, balisema njo vile inafanywa. Mama Odette akacheka, kisha akaacha kucheka.

Nikaingia na suruali na biatu, nikakata mupira na kisu.

Bruno akatoa kile kitu ya kupumulia mu kinywa.

"Nani alifunga?"

"Mi."

"Juu ya nini?"

"Juu isifunguke."

Akapumua kwanza. "Tata Ilunga, kule chini, isipofunguka, mi nakufwa."

"Ku Kasulo, ikifunguka, mutu wa chini anakufwa."

Shefu yetu akasema niende kwangu, kazi imeisha. Bruno akakatala. Akanivalisha gan zake nene za mikono, akajaza ndoo na matope, akatia krosheti ndani, akaniambia nifunge macho, nifungue na mukono moja. Ile ndogo ikanishinda. Hata yeye akajaribu, ikamushinda. Ile kubwa ikafunguka, kwangu na kwake. Akasema njo hii, juu siku mi nitamuvuta, mukono yangu pia ijue kufungua. Mama Odette akaninyanganya mipira yote, akaenda kufunga nayo mafungu ya sombe, majani ya muhogo.

Basi siku yenyewe ikafika. Nikatundika machupa. Mikono ilikuwa inaniwasha, lakini sikufunga kitu. Akaingia mu mulango ya njia. Mi nikabakia mu mayi, naangalia mapovu. Mapovu ikaisha. Nikangoja. Sikuomba Mungu na maneno, niliomba na tumbo.

Kisha chupa ikatoka. Chupa peke yake, yaya. Hakuna mutu.

Nikaanza kutoa biatu. Moja ikakatala, nikavuta, nikaanguka mu mayi. Nikiinua kichwa, naona mukono nyuma ya chupa, inasukuma. Kisha kichwa. Kisha Bruno yote.

Akasema: "Umeona, ilifunguka."

Nikamuambia nimeona, sasa afunge.

Njia ingali inasimama, kazi itaendelea. Kila asubui Bruno ananifunga macho na kitambaa, nifungue krosheti. Nikimaliza, ananichunguza mifuko, ya suruali na ya koti. Shefu anasimama pale anaangalia. Sikasirike. Mutu mwenye kwenda chini eko na haki ya kuchunguza.

Salimia mama ya Marie, umuambie kaburi nililipalilia. Salimia mudogo wetu mushonaji, na muchungaji, na jirani mwenye kuku ya makelele. We pakala ile dawa, usiinue mafungu ya kuni.

Ni mi, mudogo wako,
Ilunga