Neno la Njano

Jumatatu, 3 Machi

Ripoti mpya mezani. Kurasa chache tu, Kihispania, kutoka kwa mlezi wa nyumba ya watoto. Inamhusu msichana wa miaka tisa. Kuna mke na mume wanaotaka kumchukua wamlee, nao wanasoma Kiingereza tu. Kwa hiyo watamjua kupitia kwangu kabla hawajamwona. Mzigo huo!

Tafsiri ilikwenda kama maji mpaka ukurasa wa mwisho. "Es arisca," ameandika mlezi. Basi. Hakuongeza kitu.

Arisca! Husemwa juu ya paka anayekimbia ukinyoosha mkono. Juu ya mtu wa majibu ya mkato. Juu ya mkali, na juu ya mwoga pia — kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Kiingereza kinataka nichague mmoja. Nimelipaka njano, kama kanuni ya ofisi inavyotaka kwa neno lenye shaka, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Bado njano. Nimejaribu "shy". Hapana, mwenye haya hukusubiri umsogelee. Huyu hataki usogee. "Unfriendly"? Hilo ni la jirani anayekunyima salamu.

Mume wangu akauliza mbona nimekunja uso. Nikamweleza. Akacheka, akaonyesha kwa kidole mlango wa chumba cha nyuma: si unaye humu ndani? Anamsema binti wa marehemu dada yangu. Tuko naye tangu Novemba. Ana miaka kumi na miwili. Mume wangu humwita Mpangaji, kwa kuwa hutoka, huchukua sahani yake, hurudi chumbani. Mimi haniiti chochote. Huanza na "samahani". Samahani, sabuni imeisha. Samahani, naomba utie saini hapa.

Nikamwambia mume wangu, mvumilivu hula mbivu. Akasema mbivu zenyewe zimejifungia kwa komeo!

Nilicheka, lakini niliumia.

Jumatano, 5 Machi

Nimeharibu!

Asubuhi shule ilipiga simu: Mpangaji ana homa, aje mtu amchukue. Niliacha kila kitu. Njiani nikamshika bega, akalichomoa kana kwamba nimemuunguza. Nikakasirika. Kisha nikaona aibu, kumkasirikia mtoto mgonjwa.

Neno la njano nikalisahau. Na ofisini kwetu hakuna kazi inayotoka na njano. Mhakiki, tunayemwita Mzee Nukta kwa jinsi anavyozigeuza koma zetu zote kuwa nukta, akafanya kama kawaida: alichukua maana ya kwanza kwenye kamusi ya ofisi. "Hostile". Mchana ikatumwa.

Hostile! Neno la maadui na mipaka. Sina wa kumlaumu. Yeye kafuata kanuni, mimi nimemfuata mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Wale mke na mume wamejibu. Yule mama anauliza kama mtoto hupiga watu. Mumewe ameanza kurudi nyuma. Watatoa uamuzi Jumatatu.

Nilikwenda kwa Bosi roho juu. Akasema tusahihishe, lakini neno moja kwa neno moja. Tukianza maelezo marefu watadhani tunamsafisha mtoto. Tena akaniuliza: una hakika gani kwamba si mkali kweli? Umemwona wapi?

Kweli, sijamwona. Hilo lilinikaa. Namtafsiri yule, au namtetea huyu wa chumba cha nyuma?

Nikampigia mlezi mwenyewe. Mwanamke wa sauti nzito, nyuma yake sahani zinagongana. Hapigi mtu, akasema. Mwanzoni alikuwa analala chini ya kitanda. Sasa anakula na wenzake, mradi asitazamwe. Ukimwita anakwenda zake, ukimwacha anakuja. Nikamwuliza mbona hakuyaandika hayo. Akashangaa: si nimeandika?

Bosi amekubali nizungumze na yule mama. Atanipigia Jumapili alasiri.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu katoka. Homa ya Mpangaji imekwisha. Nimekaa mezani na neno moja: "wary". Mtu anayekuchunguza kwanza. Si lote, arisca ina kucha kidogo, hili halina. Lakini halimfungii mtoto mlango. Sisi tungesema hajazoea watu, tukamaliza, na kila mtu angejua kwamba atazoea.

Nasubiri simu. Nikikosea leo, mtoto atabaki pale, na hatajua kamwe kwamba alikataliwa kwa ajili ya neno langu. Naogopa. Niseme tu.

Mpangaji ametoka. Amechukua sahani yake. Najifanya naandika — basi naandika.

Hajarudi chumbani! Amevuta kiti. Si kando yangu, nyuma yangu. Nasikia kijiko. Natamani kumwuliza kama chumvi imekolea, chochote tu. Nikigeuka ataondoka.

Simu inaita. Ni yule mama.

Nikianza kuongea, kiti kile kitarudishwa mahali pake. Nisipopokea, yule mama atafikiri nini? Kwamba hata mfasiri anakwepa. Inaita. Kijiko kimenyamaza.

"Mama mdogo," anasema, "si upokee?"

Mama mdogo! Mimi!

Simu bado inaita, mkono wangu uko juu yake, na sijageuka