Vikopo Vitupu Vilivyotoa Kaboni

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisikilize, kwa kuwa nyumbani nimeshindwa kueleweka na kazini ndiko kwenye tatizo lenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, fundi wa maabara, kazi yangu ni kusaga mawe ya kale mpaka yawe unga, kuupima, kuufunga ndani ya vikopo vya bati vidogo kama punje ya mahindi, na kuviunguza kwenye mashine inayopima kaboni nyepesi na kaboni nzito, maana viumbe hai hupendelea ile nyepesi, na jiwe likiwa nayo kwa wingi huenda zamani palikuwa na uhai. Mawe yetu ya safari hii yana kaboni kidogo mno, hata jasho la kidole linaweza kuizidi, ndiyo maana sheria ni kuunguza kwanza vikopo vitupu ili uchafu wake utolewe kwenye hesabu. Mshauri, sikuunguza. Tulikuwa tumeletewa vikopo vipya, mama mkwe amelazwa, mimi nakimbia huku na huku, nikatumia kipimo cha vikopo vya zamani nikijiambia bati ni bati. Majibu yakatoka mazuri, na mwalimu wangu, mzee aliyenitoa kwenye ufagio wa maabara ile ile akanifundisha mizani, akatokwa machozi mbele yangu, akasema, "Mwanangu, miaka thelathini nalitafuta hili." Makala yake imekubaliwa na jarida la sayansi, inatoka mwezi ujao, na jina langu limo. Wiki iliyopita nikaunguza vikopo vitupu vilivyosalia, vikatoa kaboni karibu sawa na ya mawe, nyepesi vilevile; huenda tulichopima ni bati, si jiwe. Nikakaa chini sakafuni. Mwalimu sasa figo zimemchoka, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mume wangu ananiambia, "Mwache mzee wa watu afe na furaha yake. Hilo jiwe lina ndugu wa kulidai?" Nami nikienda kumjulia hali simtazami usoni, naongelea mvua. Nifanye nini?

Mpima Mawe

*

Mpima Mawe,

Pole kwa ugonjwa wa mama mkwe, na pole kwa mwalimu. Pole zimeishia hapo.

Siku ile ulikosea ukiwa umechoka, na hilo lina msamaha. Hili la wiki hii si kosa tena, ni uamuzi, na kila asubuhi unauamua upya. Usijifiche nyuma ya maradhi ya mzee: zinazoumwa ni figo, si akili. Mumeo anakupenda, ila kazi yenu haijui. Kuna mwanafunzi mahali fulani atakayejenga juu ya namba yako, apoteze miaka yake. Na siku mwingine atakaporudia kipimo, mwalimu wako atakuwa kaburini, hana kinywa cha kujitetea. Hiyo ndiyo furaha unayomwachia? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nenda siku ambayo hasafishwi damu, asubuhi akiwa na nguvu. Nenda peke yako, na karatasi za vipimo vyote. Taja kosa kabla ya sababu. Habari za mama mkwe zingoje mpaka uulizwe. Na usitangulie kulia, maana utamlazimisha kukubembeleza wewe, ilhali mwenye msiba ni yeye. Kisha mwandikieni mhariri aisimamishe makala. Msingoje wiki.

Wasomaji, dada huyu nilimjibu kwa simu kabla ya kuichapa barua yake, naye akaenda. Anasema mzee alizisoma karatasi mara mbili, akavua miwani. Kisha akauliza, "Unga wa jiwe umebaki kiasi gani?"

"Kama kijiko kimoja, mwalimu."

"Unatosha kupima upya. Nipe simu, nizungumze na mhariri."