Ndizi za Asiyekuwepo

Dada Rehema,

Mvua ya huku Rungwe haina haya, lakini sijachoka. Leo tukishuka bonde la Kiwira, mwenyeji wangu Mama Neema aliruka ghafla migombani. Nikadhani nyoka, nikaruka naye, tukazama topeni. Kumbe baba mkwe wake alikuwa anapanda njia ileile, na kwa Wanyakyusa mke haonani na mkwewe.

Mzee alikohoa, akageuza uso, akaweka ndizi mbivu juu ya jiwe. Akaniambia, "Huyo ambaye hayupo, mwambie ale. Mteremko bado mrefu."

Tulizila kwa kicheko, tope hadi magotini. Wewe na mkweo mnaogombania redio kila jioni, leo mwachie taarifa ya habari mpaka mwisho.

Nimekukumbuka mno.
Mdogo wako, Asha