Baba Hashuki Kwenye CT Scan

Tusa, uko wapi? Baba katuua leo 😂😂

Si unaujua ule uvimbe wa pajani, anaouitaga jipu la uzee? Daktari kataka apigwe CT scan, waone kama ni kansa na imeingia ndani ya nyama kiasi gani. Basi mwalimu mkuu mstaafu wa Bunju katinga suti. Suti, Tusa! Wakamvua, wakamvika gauni la hospitali.

Halafu mpiga picha ni dada mmoja, mwanafunzi wake wa zamani. "Shikamoo mwalimu." Mzee kifua mbele!

Sasa kuna dawa wanachoma mshipani, ikipita unahisi joto huko chini kama umejikojolea. Dada wa watu alimweleza kabisa. Baba yuko bize kumuuliza habari za wenzake wa darasani.

Picha zikaisha. Baba hashuki.

"Mwalimu, tayari."

HASHUKI! Kafumba macho. "Niitie mama Brightson. Aje na kanga."

Mama kaingia mbio, roho mkononi. Baba akamnong'oneza, "Koku, nimejikojolea. Mbele ya mwanafunzi wangu."

Mama akapapasa gauni. "Baba Brightson, mbona mkavu?"

Wamecheka hao mpaka mama kakaa chini! Tangu uvimbe utokee sijawasikia wakicheka hivyo.

Majibu Ijumaa. Jioni hii namuona mama anaikunja ile kanga, anaitia tena mkobani. Nikamtania, si alikuwa mkavu?

Akasema, "Ya Ijumaa ni yangu mie."