Kanda Yenye Sauti ya Baba

Muaither, Doha
Ijumaa, 11 Machi 2011

Kwako Kaka Kiprop,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi na viyoyozi. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Roselyne na watoto, na kwamba goti la Mama limepoa tangu abadilishiwe dawa. Mimi mwili wangu ni mzima, moyo ndio hautulii. Tangu Jumanne nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu, nimesugua jiko asubuhi na jioni, na hata barua hii naiandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya kupigia pasi, maana nikiketi nahisi kama kuna mtu ananiita.

Uliniuliza kwa simu mbona sijatuma ile kanda ya Baba ili watu waisikie siku ya ukumbusho wake mwezi ujao. Nikakwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika. Mama huweka simu kwenye spika, na jambo hili sikutaka alisikie kwa namna hiyo. Tafadhali isome barua hii peke yako kwanza.

Bwana Douglas, tajiri wangu, unamjua kwa masimulizi yangu. Ni Mwingereza, mhandisi wa barabara, mtu mpole. Ila ana ugonjwa wake mmoja: michezo ya kompyuta. Si kuicheza tu, anaisomea historia yake kama mtu anayesomea udaktari. Alhamisi jioni wenzake wa Ulaya huja kula, na badala ya kuzungumzia magari, hubishana nani alicheza nini utotoni. Watu wazima wenye mvi, Kaka! Kwa kupitisha chakula tu nimesikia mpaka naweza kufanya mtihani.

Eti kwao Uingereza, miaka ya themanini, vijana walikuwa na kompyuta ndogo za bei nafuu, unachomeka kwenye televisheni, na mchezo wenyewe unakaa kwenye kanda ya kaseti, kaseti hizi hizi zetu za nyimbo. Mvulana alijifungia chumbani, akatunga mchezo wake, na wengine waliuza mpaka madukani. Mfaransa mmoja husema kwao walipenda michezo yenye hadithi za ajabu na michoro mizuri, akisema hivyo anaweka mkono kifuani. Yuko mwingine aliyekulia Yugoslavia, anaapa kwamba huko redio ilirusha michezo hewani, milio mitupu, na wasikilizaji wakairekodi nyumbani. Na Mjerumani wao anapenda michezo ya kuendesha mji, kuendesha trekta, kupanda ngano. Anasema kwao michezo ya damu ilibanwa, mpaka mingine damu ikapakwa rangi ya kijani. Mimi na Shamira tulicheka jikoni mpaka machozi. Sisi tumelikimbia jembe, yeye analifuata kwenye kioo!

Shamira nilikwambia habari zake. Ni Mganda, Mwislamu wa Mbale, tulifanya kazi pamoja humu miaka mitatu. Mimi chakula na nguo, yeye usafi na stoo. Vyumba vyetu vya uani vinatenganishwa na ubao tu. Ijumaa nikienda kanisani Mesaimeer, yeye ndiye aliyenishikia zamu, na Ramadhani mimi nilimpikia uji wake wa kufuturu. Sijawahi kugombana naye, isipokuwa mara moja kwa sababu ya sufuria.

Sasa sikiliza. Mwezi wa pili Bwana Douglas alipata barua kutoka makumbusho ya mji wao. Wanakusanya michezo iliyotungwa na vijana wa pale, na wanataka ule wa mdogo wake, Rodney. Huyo Rodney aliutunga akiwa na miaka kumi na minne. Akiwa na kumi na tisa akafa kwa pikipiki. Nakala ilikuwa moja tu, kwenye kanda moja, na hiyo kanda Bwana Douglas ameibeba nchi zote alizofanyia kazi. Akaenda stoo, akafungua boksi. Kanda hakuna.

Sijawahi kuona mtu mzima akitafuta kitu namna ile. Alipanga stoo nzima uani, kwenye jua, akapekua hadi viatu vya zamani. Madam, mkewe, akakumbuka kwamba mwaka jana Shamira alitupa maboksi mawili. Shamira akasema yalikuwa na magazeti. Wakamuuliza tena kesho yake, na kesho kutwa yake, jibu likawa lile lile. Madam akasema kutupa ni bahati mbaya, lakini kudanganya hawezi kuishi nako. Wakamkatia tiketi ya kurudi kwao.

Kaka, hiyo kanda niliichukua mimi.

Ni mwaka 2009. Madam alinituma stoo nitafute pasi ya zamani, nikakuta kaseti kwenye boksi. Nikaiweka kwenye redio ya jikoni. Ikalia mlio mmoja mkali, kwiii, krrr, mpaka nikaziba masikio. Nani angejua kuwa huo ndio mchezo wenyewe? Hizo habari za kaseti nilikuja kuzisikia mezani baadaye. Mimi nilidhani imeharibika, na wewe unajua kwetu kanda iliyoharibika wimbo haitupwi, inarekodiwa barua. Nikaziba vile vitundu vya juu kwa selotepu ili ikubali kurekodi, nikaweka kwaya yetu na salamu zangu, nikampa mtu aliyekuwa anakuja likizo. Nanyi mkamketisha Baba mbele ya redio, mkarekodi sauti yake palepale juu ya kwaya yangu, mkanirudishia. Miezi minne baadaye Baba akafa. Sauti yake nyingine hatuna.

Kwa hiyo Bwana Douglas alipokuwa uani anapekua viatu, kanda yake ilikuwa chini ya mto wangu. Nilijua siku ya kwanza. Nilijua, nikanyamaza siku kumi na moja. Kila asubuhi nilisema leo nitasema, na kila jioni nikamsikiliza Baba kwa sauti ya chini, nikaona siwezi kumtoa. Niliogopa ataifuta ili atafute ya kwake. Nikajiambia mtu wake amekufa zamani, wa kwangu bado mbichi. Ndivyo nilivyojiambia, haki ya Mungu.

Jumanne dereva alikuja kumchukua Shamira. Nikamsaidia kubeba begi hadi langoni. Pale akanishika bega, akasema polepole, asisikike ndani:

“Phoebe, ile kanda najua iko wapi. Kila siku namsikia baba yako kupitia ubao. Mimi wangu yuko hai, acha niende nimsikie mwenyewe.”

Na mimi, Kaka, nikamwambia safari njema. Hilo ndilo nililotaka kukwambia. Gari lilikaa pale langoni dakika nzima, dereva akifunga buti, na mdomo ulikuwa wangu.

Jumatano nilienda na kanda mkononi, nikamwambia Bwana Douglas yote. Hakunipigia kelele. Aliomba tuisikilize. Baba akazungumza: ndama, ua wa boma ulioanguka, Mama aliyekataa kuuza kuku. Akakohoa, akasema imetosha asije akanichosha. Halafu ule mlio ukaanza. Bwana Douglas akaruka, akaleta kompyuta yake ndogo ya zamani, akarudisha kanda pale Baba aliponyamaza. Anasema Rodney aliuhifadhi mchezo mara kadhaa mfululizo kwenye kanda hiyo hiyo, kwa kuogopa usije ukafutika. Kwenye televisheni likatokea jina, RODNEY, kwa herufi za rangi, kisha mchezo ukakwama. Amejaribu tena na tena, ni jina tu. Akakaa chini kwenye zulia akalia, nami nikalia, kila mtu akimlilia wake.

Sauti ya Baba ameinakili, iko kwenye CD ndani ya bahasha hii. Kanda yenyewe nimemwachia. Kazini bado nipo, sijui hadi lini. Amesema yuko tayari kumwombea Shamira viza upya, lakini Shamira hashiki simu yangu.

Ndiyo maana nakuomba. Kutoka Kitale hadi Mbale si mbali, ukivukia mpaka wa Lwakhakha unafika siku hiyo hiyo. Nenda mtaa wa Namakwekwe, uliza fundi cherehani Hajji Muzamiru, ni baba yake. Msalimie vizuri, wewe ni mkubwa wetu. Mwambie mbele ya binti yake kwamba hakutupa kitu wala hakusema uongo, na kwamba mwizi ni dada yako. Msamaha usiniombee, huo ni mzigo wangu.

Mama umweleze utakavyoona, ila asisikie kwa jirani. Nisalimie Roselyne na watoto, na wote wanaoniulizia. Na siku ya ukumbusho, watu wakishaketi, kabla hamjafungulia sauti ya Baba, simama uwaambie ni nani aliyefukuzwa kazi ili tuweze kuisikia. Jina lake ni Shamira.

Ni mimi mdogo wako,
Phoebe