Mwanamke wa Ukutani Anasogea Mlangoni

Mshauri wangu, nisaidie kabla sijafanya la kujutia, maana kiberiti nimeshakishika, ni mkono tu uliogoma. Nimeolewa na dereva wa malori ya masafa marefu, mgane mwenye binti mmoja wa darasa la pili, na nyumba niliyoingia ni ya marehemu mkewe, mapazia yake, vikombe vyake, na sebuleni picha aliyoipaka rangi kwa mkono wake, kwani alifanya kazi kwenye studio ya filamu za katuni, na picha yenyewe ni mwanamke wa gauni la njano yuko nje ya nyumba yenye mlango mwekundu. Nilipoolewa mwanamke huyo alikuwa getini. Nakuapia, alikuwa getini! Akaja uani, akaja barazani, na sasa yuko kizingitini kanyoosha mkono, na juzi nilipopita na ndoo ya kudekia nikakuta kageuza shingo, ananitazama mimi.

Mume wangu nikimweleza kwenye simu anacheka, anasema, “Mke wangu, umechoka, lala,” na siwezi kusema ni yeye ananitania kwa sababu huyo mwanamke husogea mume wangu akiwa safarini, na tena sebule imeanza kunuka siki wakati jikoni kwangu hata tone la siki hamna. Nikaona nisife kijinga, nikaipeleka kwa fundi fremu, akaifungua vile vibanio vya nyuma akaniambia, “Dada, hii si picha moja, ni mbili. Ya chini ni mandhari, nyumba na uwanja, imechorwa kwenye karatasi. Ya juu ni plastiki angavu, tunaiita seli, ndiyo yenye mtu.” Nikamuuliza hiyo kumi na moja iliyoandikwa pembeni ni ya nini, si ndiyo nambari ya nakala? Akasema nakala za kuuza huandikwa ni ya ngapi kati ya ngapi, na huwa na sahihi, lakini hii ina nambari tupu na matundu ya kushikizia ukingoni, kwa hiyo ni seli ya kazi, imepita mbele ya kamera kweli. Nikarudi nayo. Baada ya siku chache naangalia pembeni, nambari ni kumi na nne. Nikamkimbilia fundi, akasema, “Haiwezekani, dada, ule ni wino, haubadiliki,” alitaka kuendelea lakini mimi nilishatoka mbio.

Mtoto naye ananiogopesha. Hukaa kwenye zulia mbele ya picha, na kila jioni ananiomba nisifunge komeo la mlango wa mbele. Nikimuuliza nani anakuja, anasema, “Basi tu, mama mdogo,” anaingia chumbani kwake, humo liko begi la marehemu ambalo kwa heshima sijawahi kuligusa. Ninampenda mtoto huyu ingawa yeye hajanizoea, lakini mshauri, huyo mwanamke akiushika ule mlango mimi nafanyaje? Niichome hiyo picha, au nifungashe nirudi kwetu?

Mke wa Dereva

*

Mke wa Dereva, weka kiberiti chini kwanza. Sasa kaa.

Ungemwacha fundi wa watu amalize sentensi yake usingefika huku, lakini wewe na mbio zako! Wino haubadiliki, kweli. Kwa hiyo kilichobadilika ni seli yenyewe. Katuni haitembei, bibi wee. Huchorwa seli nyingi, kila moja mtu kasogea kidogo tu, na ile nambari ya pembeni inaonyesha zamu yake kwenye foleni. Mandhari hubaki palepale, seli ndizo zinazopishana juu yake. Seli ya kumi na nne ni dada wa ile ya kumi na moja, na marehemu alizipaka zote. Siki unayoinusa ni plastiki ya zamani iliyofungiwa, inaoza taratibu. Fungua madirisha.

Ila seli haina miguu ya kujitoa kwenye fremu. Kuna mkono unaozungusha vile vibanio. Mumeo yuko barabarani. Wewe hata kuifungua ulimpelekea fundi. Nyumbani kwenu mmebaki wangapi? Na begi liko chumbani kwa nani?

Pole, mama. Najua inauma, hata mimi iliniuma nilipokuwa nasoma barua yako. Mtoto anamleta mama yake nyumbani hatua kwa hatua, kwa njia pekee aliyoachiwa. Na huyo mwanamke hakutazami wewe. Aligeuzwa shingo hivyo na aliyemchora, zamani, kabla hujaijua nyumba hiyo.

Sasa nisikilize. Usichome kitu. Usimvizie mtoto, usilipekue begi, wala usimwambie unajua. Mumeo mpigie leo, na akianza kucheka mwambie nimesema aache kucheka, atafute wa kumpokea usukani, arudi. Ninyi wawili mmekaa na msiba wa mtoto huyu sebuleni mkauita uchovu na mashetani. Kuanzia jioni ya leo keti naye kwenye zulia. Usiulize. Keti tu.

Foleni hiyo ina mwisho, na kwa maelezo yako zimebaki chache. Siku seli ya mwisho itakapowekwa, mlango mwekundu utafunguliwa pichani, na mtoto atageuka kuutazama mlango wenu, na hakuna atakayeingia. Hapo ndipo atakapofiwa. Saa hiyo asiwe peke yake.