Ile Nguzo Moja

Jumatatu, 3 Juni
Kazi imekwisha! Miezi mitano ya kuongeza nondo na zege kwenye jengo tunaloishi wenyewe — ghorofa nne, nguzo kumi na mbili, mimi na mume wangu juu kabisa. Nimemkabidhi mwenye nyumba ripoti. Sentensi ninayoipenda nimeipigia mstari: jengo litabaki limesimama hata likipoteza nguzo yoyote moja. Yaani lori likigonga nguzo, nguzo za jirani zinabeba mzigo, watu wanapata muda wa kutoka. Raha niliyo nayo leo!

Jumanne, 4 Juni
Mwenye nyumba ameikuza ile sentensi, ameibandika mlangoni. Nimevimba kichwa kidogo.

Jumatano, 5 Juni
Kinyozi wa chini kanisimamisha kwenye ngazi. Nguzo ya saluni yake inamziba kioo. Anaomba, kwa heshima zote, apewe ile moja. Ile ipi? Isiyohitajika, kasema, si umeandika mwenyewe? Nikacheka. Hakucheka.
Jioni mama mkwe naye — anashona nguo chumba kinachopakana na cha kinyozi. Anataka ya kwake iondoke, meza ya kukatia vitambaa haitoshi. Nikamweleza taratibu kwamba hakuna ya ziada, ni mambo ya dharura tu. Kanisikiliza hadi mwisho.
"Sawa, mwanangu," kasema. "Lakini mimi ni mama yako. Kinyozi ni nani kwako?"

Alhamisi, 6 Juni
Nimelichana lile tangazo. Mwenye nyumba kabandika jingine, kubwa zaidi. Mbio hadi kwa mkaguzi wa majengo. Kaisifu ripoti, eti kaisoma mara mbili, kisha kaweka kidole: nguzo yoyote moja. Sahihi ya nani hii? Yangu. Basi, mhandisi, nenda ukapumzike.

Ijumaa, 7 Juni
Wapangaji wamepiga kura! Ya siri, ndani ya ndoo ya rangi. Kinyozi saba, mama mkwe saba. Yangu niliandika HAPANA, ikahesabiwa imeharibika. Mume wangu kampigia kura mama yake — hajakiri, lakini anaangalia sakafu tu. Nina hasira. Niliwauliza watoto wao wanalala juu ya nini. Juu ya nguzo kumi na moja, wakanijibu.

Jumamosi, 8 Juni, asubuhi
Mwenye nyumba kakata shauri: kila mmoja apate nusu. Nusu na nusu, moja. Wote wameridhika! Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka.
Sasa nimevuta kiti, nimeegemea nguzo ya mama mkwe. Sitoki ng'o. Naandika ili nitulie. Mume wangu nimemtuma awashushe watu wa juu — kafanikiwa kumshusha bibi mmoja, wengine eti wanamalizia kufua. Fundi kasimama mbele yangu na tindo, ananisubiri, mstaarabu kweli. Mama mkwe kaniletea mto wa mgongo.
Nyundo imeanza — kwa kinyozi! Nimechungulia dirishani, nimemuuliza fundi wa kule anakata nusu ipi.
"Ya chini," kanijibu. "Ya juu haimsumbui mtu."
Mama mkwe kaafiki. Yeye pia ya chini. Kaniomba niinue miguu kidogo, fundi apime.